Ukumbi Usio na Mlango

Tanga mjini kuna kumbi. Zina paa, zina sakafu, zina vyoo, na feni zake zinazunguka. Mpwa wangu kazungushwa zote na kazikataa zote. Anataka sherehe yake ifanyike ufukweni, kule Kigombe, njia ya Pangani, kwenye minazi na upepo. "Halafu Mjomba, ufukweni ni bure," akaniambia. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi. Tangu siku hiyo mtu akinitajia bure nashika mfuko.

Bure yenyewe ni hii. Mchanga haubebi kiti: mguu mmoja unazama, wa pili unafuata, na mgeni rasmi anahutubia huku kainamia upande wa Pemba. Kwa hiyo tukodi sakafu ya mbao. Jua la saa nane halina mjadala, tukodi mahema. Mahema na upepo wa pwani hayapatani, tuongeze kamba, vigingi na vijana wa kuyashikilia. Chini ya minazi hakuna umeme, tukodi jenereta. Jenereta linanguruma kumshinda MC, basi liwekwe mbali, na likiwekwa mbali tununue waya. Vyoo vya kukodi vinakuja kwa lori, na dereva wa lori anataka posho ya kulala. Nilipojumlisha nikakuta kwa pesa hizo tungekodi ukumbi, na chenji ingetosha kuumwagia mchanga ndani.

Na ile minazi inayopendeza kwenye picha ina nazi. Nazi ikidondoka haiangalii nani kakaa meza kuu. Mwenye shamba yuko tayari ziangushwe zote mapema, ila tumlipe mkwezi kwa kila mnazi, na nazi zenyewe tuzinunue kwa sababu tumezikatisha utoto. Ndiyo maana kwenye bajeti yetu, kati ya keki na mapambo, kuna kifungu cha madafu.

Mwezi wa harusi nao ulitutoa jasho. Machi hadi Mei ni masika, barabara na mahema vyote vinaoga. Juni hadi Agosti kusi inavuma, shela ya bibi harusi ingefika Horohoro mpakani kabla yake. Oktoba vuli inapiga hodi. Desemba kila mjumbe ana harusi nyingine za kuchangia. Januari usinitajie: ni mwezi wa ada za shule, ukimwomba mtu mchango anakufungia simu. Tukaangukia Septemba.

Mpwa akafungua simu yake, akanionesha picha. Maharusi wamesimama, nyuma yao jua kubwa jekundu linazama baharini. "Hivi ndivyo ninavyotaka, Mjomba."

Nikamuuliza, "Mama, bahari yetu iko upande gani?" Akanyoosha kidole mashariki. "Na jua linazama upande gani?" Kimya.

Jua la Kigombe linatoka baharini alfajiri, watu wamelala, na jioni linazama nyuma ya mkonge, huko kuelekea Muheza. Akitaka jua, bahari na yeye mwenyewe vikae kwenye picha moja, sherehe ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na katika ukoo wetu hakuna mtu anayekusanyika saa hizo bila msiba.

Akasema basi, kama jua limekataa, atachukua mwezi. Jumamosi ya mwezi mpevu, jua likizama nyuma ya minazi, mwezi unachomoza baharini. Hapo nilimkubalia, kwa sababu ni kweli na kwa sababu taa ya mwezi haihitaji waya. Padri akapewa tarehe, ndoa kanisani saa nne asubuhi. Kadi za mchango zikachapishwa. Sherehe ufukweni, saa kumi jioni. Kisha nikaenda kukagua eneo.

Nikamkuta nahodha mmoja mzee kakaa kwenye mchanga, anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mnapima nini?"

"Tunaleta harusi hapa."

"Lini?" Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akaangalia bahari, akaniangalia mimi. "Hiyo si mwezi mpevu? Saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

Mzee alicheka mpaka sindano ikamwanguka. "Mwanangu, siku hiyo ni bamvua. Saa kumi maji yako hapa nilipokaa mimi. Meza kuu yenu watakaa samaki, changu."

Wenzangu wa bara, sikilizeni. Bahari hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na hilo ndilo bamvua: toka kupwa hadi kujaa maji hupanda zaidi ya mita tatu, ghorofa nzima hiyo. Na bamvua la ukanda huu lina saa zake. Hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri. Yaani katika saa zote 24 alizotuumbia Mungu, mpwa wangu kachagua ileile ya bahari.

Nahodha alinipa na dawa. Sogezeni wiki moja, akasema, iwe maji mafu, yale yasiyopanda sana, saa kumi bahari itakuwa imepwa na mchanga wote wenu. Nikaiwasilisha kikaoni nikidhani nitapigiwa makofi. Padri hana nafasi. Mpambaji hana nafasi. Halafu wiki hiyo mwezi unakuwa nusu. "Nusu, Mjomba? Ndoa yangu ianze na nusu?" Wanawake wote wa kamati wakaguna kwa pamoja, hoja ikafa.

Nikiwa bado nauguza hilo, mpiga picha akaja na lake: tuwapeleke maharusi Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Zamani Maziwe palikuwa na miti, kasa wakitaga. Mmomonyoko ukapala, siku hizi ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Nimeona kumbi zilizofungwa kwa deni la umeme, sijawahi kukodi inayozama. Na siku ya bamvua kisiwa kinatoka nje mnamo saa nne: saa nne asubuhi, wakati padri anauliza kama kuna mwenye pingamizi, au saa nne usiku, wakati wanalishana keki. Mpiga picha akaniomba nimuulize padri kama anaweza kuwahisha ibada kidogo. Hilo swali nimelibakiza mfukoni, na padri tukikutana tunaongelea kwaya.

Lakini hayo ni maji, na maji angalau yana ratiba. Kinachoninyima usingizi ni mlango.

Harusi yetu ni ya kadi. Single elfu hamsini, double laki moja. Mfumo huu mzima unasimama juu ya mlango: vijana wawili wenye suti, orodha mkononi, na nyuma yao mweka hazina anayejifanya anaongea na simu. Asiyechanga anafika pale, anapapasa mifuko, anasema kadi kaisahau kwenye gari, anarudi kuitafuta, na hatumwoni tena. Ufukweni mlango uko wapi? Kaskazini wazi, kusini wazi, mashariki Bahari ya Hindi. Mjumbe wa ulinzi akapendekeza kamba. Nikamuuliza kamba ya kilomita ngapi. Mwingine akasema tuwavishe waalikwa utepe mkononi. Mweka hazina akauliza utepe unatoka kifungu gani, nikasema cha madafu, tukagombana. Katibu ndiye aliyemaliza mjadala: ana taarifa kwamba kuna watu hawajachanga hata mia na tayari wanaulizia nauli ya ngalawa.

Wenyeji nao wana haki yao. Pale tunapopaita ukumbi ni diko. Wavuvi wanashusha samaki, mnada unapigwa, dagaa wanaanikwa juani. Zile picha za mpwa wangu hazikuwa na dagaa, na picha haina harufu. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa. Tukapokewa kwa heshima, tukapewa chai, tukakubaliwa. Tumeshasimama kuaga, mzee akauliza kwa upole, "Sasa ndugu mwenyekiti, na sisi tuje saa ngapi?"

Ungejibu nini? Huwezi kumpigia mtu muziki mlangoni kwake usiku kucha na pilau umnusishe kwa mbali. Nikasema karibuni.

"Wote?"

"Wote."

Sijafika kwenye gari, habari ilishanitangulia, watoto wananisindikiza wakiniita baba harusi. Mpishi kaniuliza aongeze sufuria ngapi. Nimemwambia awaulize watu wa sensa.

Pesa? Daftari la mweka hazina lina safu mbili, ahadi na taslimu. Safu ya ahadi inatosha kuozesha mabinti watatu na kufungua duka. Safu ya taslimu inatosha kamba. Kuna wajumbe wanataka tuzifute ahadi zilizolala. Mimi nakataa, na nina ushahidi. Bahari hiyohiyo ya Kigombe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu walishamzika kabisa, wakasema alitoweka zama za dinosaria, mpaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini. Tanga nako, tangu miaka ya 2000, wamevuliwa wengi tu. Kama huyo kaibuka, kwa nini shemeji yangu wa Mwanza asiibuke na laki zake mbili?

Bwana harusi ni wa Moshi. Wakwe ni watu wazuri, hawana maneno mengi, ila harusi yao bila ndafu haijawa harusi. Mbuzi mzima, kachomwa, anasimama mezani na majani mdomoni. Walinipigia simu kuuliza jambo moja tu, ndafu itasimama wapi. Nikasema mezani. Wakauliza, na meza itasimama wapi? Nikasema mtandao unasumbua.

Ufumbuzi ulikuja kikao cha Jumatano, tena kutoka kwa mjumbe wa vinywaji, mtu ambaye kwa kawaida huchangia kikao kwa kuagiza. Alituuliza: "Maji yanajaa saa kumi, si ndiyo? Saa kumi na mbili yameshaanza kurudi, na mwezi ndiyo unatoka. Sasa kadi zetu zimeandikwa saa kumi. Watu watafika saa ngapi?"

Tukajibu wote kwa pamoja, "Saa kumi na mbili."

"Tatizo liko wapi?"

Watu walisimama. Mpambaji alifuta machozi. Nilimpigia nahodha palepale, akasema sakafu ikikaa juu ya mstari wa mwani, na watu wakaja hizo saa kumi na mbili kweli, mtapona. Nikamhakikishia kwamba kwa ukoo wetu saa kumi na mbili ni kuwahi. Kwa hiyo uchelewaji umeingizwa rasmi kwenye ratiba, umepigiwa kura, umo kwenye muhtasari wa kikao na mimi nimeutia saini.

Wamebaki wakwe. Hawa hawachelewi. Siku waliyokuja kuleta barua walituahidi saa nne, saa tatu na nusu wako getini, sisi tunafagia uwanja na mama wa binti ana kanga ya kulalia. Wakiandikiwa saa kumi, saa tisa na nusu watakuwa Kigombe, wamevaa suti, wamembeba mbuzi, na Bahari ya Hindi inapanda kuja kuwapokea. Ajenda ya kikao kijacho ni hiyo moja: nani ana uso wa kuwapigia wakwe simu na kuwaomba, kwa heshima zote, wachelewe kama watu wazima wenzao. Katibu keshatuma udhuru. Anasema siku hiyo ana msiba.