The Wire: uongo wa msimu wa tano ulianza msimu wa kwanza

"Madam, hii ya tano mimi ningeiacha. Wameboronga." Huyo ni kijana anayenijazia muvi kwenye flashi hapa Ngarenaro, Arusha, na hayuko peke yake. Karibu kila anayeipenda The Wire, tamthilia ya polisi na wauza unga wa Baltimore iliyorushwa na HBO kuanzia 2002 hadi 2008, ataisifia misimu minne ya kwanza mpaka mate yamkauke, halafu akifika wa tano anakunja uso.

Malalamiko yenyewe yana uzito. Mpelelezi Jimmy McNulty anaona fedha za upelelezi zimekatwa na kesi ya miili 22 iliyofichwa kwenye nyumba tupu imewekwa kando. Basi anachukua maiti za watu wasio na makazi waliojifia wenyewe, anaziweka alama za kunyongwa, anazifunga riboni nyekundu mkononi, anazua muuaji asiyekuwepo ili fedha zitoke. Hii ni tamthilia iliyotuzoesha subira, askari kukaa juu ya paa kutwa nzima wakisubiri mtu mmoja aguse simu ya kibanda. Tena msimu huu una vipindi 10 tu, wa kwanza na wa nne vilikuwa 13, kwa hiyo mambo yanakimbizwa. Lester Freamon, mtu mtulivu kuliko wote katika kikosi, anakubali uongo huo haraka mno, na hapo sina utetezi. Chumba cha habari cha gazeti la The Baltimore Sun, ambacho msimu huu unakifuatilia, nacho hakina kina: wakubwa wa gazeti ni wabaya moja kwa moja, mhariri wa habari za jiji ni mwema moja kwa moja. Mtunzi, David Simon, aliandikia gazeti hilohilo hadi 1995, na uchungu wake unasikika.

Ila wanaposema McNulty amegeuzwa mtu mwingine, nakataa. Msimu wa pili, akiwa ameadhibiwa kwa kupelekwa kwenye boti ya doria, anakokotoa maji kujaa na kupwa mpaka maiti ya mwanamke iliyookotwa majini ihesabiwe kuwa ya jiji. Kisha anahangaika hadi wanawake 13 waliokufa ndani ya kontena nao waingizwe humohumo. Yote hayo ili Rawls, bosi wa kitengo cha mauaji cha jiji aliyemwadhibu, abebe mauaji yasiyo na mtuhumiwa. Mtu huyo kuzichezea maiti kwa hasira, mgeni wa nini? Na msimu wa tatu, Meja Colvin anaruhusu unga uuzwe waziwazi kwenye mitaa aliyoitenga, kwa siri, bila wakubwa wake kujua. Hilo ni jambo kubwa kuliko riboni. Sijawahi kusikia mtu akisema wameboronga.

Kinachoishikilia tamthilia nzima ni namba. Polisi wanashusha uzito wa makosa kwenye vitabu ili uhalifu uonekane umepungua. Msimu wa nne, Prez, askari aliyegeuka mwalimu wa hesabu, anakaa kwenye kikao cha walimu, anasikia watoto watakavyokaririshwa maswali ya mtihani, na anautambua mchezo aliouacha polisi. Mimi nilifundisha sekondari ya binafsi miaka sita, shule nitakayoiacha bila jina. Mwisho wa kidato cha tatu ulifanyika mchujo: wasiofikia wastani waliitwa mmoja mmoja ofisini na mzazi, wakashauriwa wakafanye mtihani wa mwisho kama watahiniwa wa kujitegemea. Mwaka uliofuata matokeo yalibandikwa getini, hakuna sifuri hata moja. Binti mmoja aliyekuwa anakaa dirishani, mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima, hakuwemo kwenye karatasi ile wala kwenye kumbukumbu ya mtu. Namba zilikuwa safi.

Ndiyo maana uongo wa McNulty haunishangazi. Wakubwa wamekuwa wakizua takwimu kwa misimu minne ili uhalifu upungue. Yeye wa chini anazua mauaji ili kesi ya kweli ifanyiwe kazi. Na ukweli unapojulikana, wakubwa wanaufukia, kwa sababu meya Carcetti anautaka ugavana na ameshajipigia debe kwa maiti hizo. Mwandishi aliyetunga habari za muuaji huyo anapewa tuzo ya Pulitzer. Mwisho upi mwingine ungefaa?

Wengine wanaona mwisho umepangwa mno, kila kiti kimepata mkaliaji: Omar, aliyekuwa akiwaibia wauza unga, amekufa; Michael, mwanafunzi wa Prez, anashika bunduki kama yake; Bubbles, mraibu wa siku nyingi, anaachana na sindano; Dukie, mwanafunzi mwingine wa Prez, anaiokota. Nakubali mpangilio unaonekana. Lakini Bubbles hapati ushindi wowote wa sinema. Dada yake, aliyekuwa akimfungia chini kwenye ghala la nyumba, anauacha mlango wazi, naye anapanda ngazi, anakaa mezani kula.

Na Dukie ndiye ninayemrudia. Mwaka mmoja kabla, Prez alikuwa akimfulia nguo palepale shuleni kwa sababu nyumbani hapakuwa na nguo safi. Sasa kijana anakuja kumwomba pesa, anasema anataka kurudi kusoma. Prez anamtazama nguo, anaelewa, anampa. Halafu anabaki ndani ya gari akimwangalia anavyokwenda kwa yule mzee wa vyuma chakavu mwenye mkokoteni wa farasi.

Nilimrudishia kijana flashi yake. Aliniuliza kama nimefika mwisho. Nikamwambia aangalie tena, aanzie pale kwenye gari.