Aspirini ya Mama Mkwe

Mlenda hautoi moshi. Supu ikiwa ya moto utaiona inafuka, utaipuliza. Mlenda uliopikwa kwa karanga na magadi unatulia bakulini kama umelala, juu umepoa, chini kaa la moto. Mimi ni tabibu wa meno, vinywa vilivyoungua naviona kila wiki, lakini hilo nililijulia ukweni, Bahi, Jumapili mchana.

Nikakata tonge la ugali wa uwele, nikalibonyeza shimo kwa kidole gumba, nikachota. Tonge likaenda ulimini, mlenda ukaenda kujibandika kwenye kaakaa, nyuma tu ya meno ya mbele. Mlenda huohuo unaoteleza hata kwenye koo la mgonjwa, siku hiyo ukagoma kushuka. Na ngozi ya pale ni nyembamba, imegandana na mfupa, haina pa kukimbilia.

Mtu mwingine angetema. Lakini mama mkwe alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, hanitazami ninavyokula ila anasikia kila kitu. Dawa ya kuungua mdomo ni maji baridi papo hapo: yazungushe taratibu, tema, rudia kwa dakika kadhaa. Mtungi ulikuwa hatua tatu kutoka nilipoketi. Ila kuomba maji ya kutema ni sawa na kutangaza kwamba chakula cha mkwe kimenichoma. Nikameza. Machozi yakanitoka, nikashika shavu la kushoto.

"Baba Neema, kulikoni?"

"Jino, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kidonge cha aspirini. Nikanyoosha mkono ili nikimeze.

"Usimeze! Bana hapohapo penye jino, kati ya shavu na ufizi. Kiyeyuke chenyewe."

Jamani. Nimeona watu wameweka ugoro kwenye jino, nimeona waliopaka maji ya betri, na wa aspirini ndio huwa nawagombeza kwa kidole juu. Aspirini humezwa, ikaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka kwenye maumivu. Ukiibana mdomoni haitulizi jino. Ni asidi, inaivisha nyama. Protini za juu ya ufizi zinaganda na kuwa nyeupe, kama ute wa yai kikaangoni. Sasa hotuba hiyo umpe mama mkwe, dakika moja baada ya kumwambia jino linakuuma?

Nikabana. Kushoto, maana ndiko nilikoshika.

"Usikitoe mpaka chai iive," akasema, akaenda kuchochea kuni. Chai ikaja, ya tangawizi, inatokota. Niliipuliza mpaka akaniuliza kama nazima moto.

Usiku nyumbani nikajimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo. Kaakaa nyekundu, na lengelenge moja limeshapasuka. Kushoto, kwenye ufizi, utando mweupe uliokunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, ukubwa wa kidonge kamili. Mkono uliniwasha kuubandua. Niliuacha: chini yake nyama ni mbichi, ukiuvuta inatoa damu na kidonda kinaanza upya. Mke wangu alishika tochi vizuri kwa muda, kisha kicheko kikamshinda, nikabaki gizani na mdomo wazi.

Basi nikajitibu ninavyotibu wengine. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kusukutua kila baada ya kula. Mswaki laini. Parasetamo, ya kumeza. Pilipili, ndimu na nyama choma nikaziaga, nikaishi kwa uji uliopoa. Kaakaa lilipona siku ya sita, ufizi ulifika siku ya kumi. Ungevuka wiki mbili ningekwenda kuchunguzwa na mwenzangu, maana kidonda cha kuungua hakikai mdomoni muda huo.

Siku ya kumi na moja simu ikalia.

"Baba Neema, lile jino?"

"Limepona kabisa, mama. Ahsante."

"Si nilikwambia! Sasa Jumamosi nakuja huko mjini na jirani yangu, naye gego linamsumbua. Usiwe na wasiwasi, nimeshambanisha viwili."