Shangazi na siti nne

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, stendi ya Nane Nane, Mbeya, kwenye baridi ile ya Julai inayomfanya mtu aongee kwa meno, shangazi yangu alikuwa ameshajipanga ndani ya basi la Iringa. Siti ya kwanza kakaa mwenyewe. Ya pili, kiroba cha viazi. Ya tatu, mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu. Ya nne, jogoo ndani ya tenga, na tenga limefungwa mkanda.

Konda alimweleza kwamba mizigo inakwenda kwenye buti. Shangazi akatoa simu, akamwonyesha tiketi mtandao nne, jina moja, malipo manne.

"Mwanangu, hapa tuko abiria wanne."

Konda akampigia bosi, bosi akasema atafutwe yule kijana wa tovuti. Yule kijana ndiye mimi. Nilifika na bodaboda nikiwa nimevaa suruali ya kulalia, na kabla sijasema shikamoo nilishajua kosa ni la nani. Jina la kampuni nalimeza. Walichokosea wao ni kuniamini tu.

Tovuti yao ya zamani ilikuwa na sura ya fomu ya zahanati: unatoka wapi, unakwenda wapi, tarehe, siti, lipa. Mbaya kweli, ila tiketi ilikatika. Bosi akaniambia, "Ichangamshe." Nikaichangamsha. Nikaweka basi linalopita kutoka kushoto kwenda kulia bila kuchoka, nyuma yake vumbi la chembe 40. Nikateremsha ukungu wa Loleza, ule mlima wa Mbeya, juu ya ratiba. Nikafanya kila andiko liibuke taratibu mtu anaposhusha ukurasa. Juu kabisa nikatundika video ya MB 9. Kwenye laptop yangu, na intaneti ya ofisini, vyote viliteleza kama mlenda. Bosi alipiga makofi na kuniagizia chipsi mayai.

Shangazi ana simu ya RAM GB 2, kioo kimepasuka pembeni, na alikata tiketi akiwa Tukuyu, upande wa nyumba ambako mtandao hufika ukiwa umeshachoka.

Tuanze na basi. Nililitembeza kwa kubadilisha left, yaani umbali wake kutoka ukingo wa kushoto. Kila namba hiyo inapobadilika, kivinjari hulazimika kukokotoa upya mpangilio wa ukurasa, kisha kichore tena. Ili picha 60 zipite kwa sekunde moja, kila picha ina takriban milisekunde 16.7 tu. Laptop inamudu. Simu ya shangazi haikumudu hata kidogo. Basi hilohilo ningelisogeza kwa transform, amri inayohamisha kitu baada ya ukurasa kupangwa, kwa kawaida mpangilio usingeguswa, na kazi kubwa ingekwenda kwa kichakata michoro. Ukungu nao niliutengeneza kwa kichujio cha blur, ambacho huchanganya rangi ya kila nukta na za jirani zake, na kwa kuwa chini yake basi linatembea, hesabu hiyo ilirudiwa picha kwa picha. Shangazi alisema simu ilipata moto mpaka akaiweka kifuani chini ya kitenge. Kwa Julai ya Tukuyu, hilo hakulilalamikia.

Maandishi yalikuwa kituko cha peke yake. Ili yaibuke, nilianza kwa kuyapa opacity ya sifuri, yaani yasionekane kabisa, yakisubiri JavaScript, msimbo unaoendesha vitu ndani ya ukurasa, ije iyafunue. JavaScript isipofika, ratiba ipo, nauli ipo, lakini haionekani. Kwa hiyo shangazi aliona ukurasa mtupu na basi linapita, linarudi, linapita.

"Halikuandikwa linakokwenda," aliniambia, "nikajua ni la kukodi."

Akangoja. Anasema aliligusa mara kadhaa lisimame, kama mtu anavyosimamisha basi barabarani, na dereva hakumjali. Baada ya dakika kadhaa maandishi yakajitokeza, akachagua Iringa, akachagua tarehe, akafika kwenye kitufe cha Lipa. Hapa ndipo siti nne zilipozaliwa.

Ndani ya ukurasa, kazi za JavaScript na kupanga ukurasa hupita kwenye njia moja kuu, kama daraja la gari moja moja. Basi langu, vumbi na ukungu vilikuwa vimeziba daraja. Shangazi akagusa Lipa, mguso ukakaa kwenye foleni. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Akapangusa kidole kwenye kanga, akagusa mara ya tatu, na ya nne akabonyeza kwa kucha. Tangu 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, ameandika kwamba jibu likija ndani ya sekunde 0.1 mtu huliona la papo hapo, likipita sekunde 1 mawazo yake huanza kukatika, na kwenye 10 umakini umefika mwisho. Google nao hupima jambo hilohilo kwa kipimo kiitwacho INP, muda kutoka mguso mpaka ukurasa uonyeshe jibu, ambacho kiwango chake kizuri hakizidi milisekunde 200. Kipimo cha shangazi kilikuwa ni kumaliza kumenya kiazi.

Njia ilipopata mwanya, miguso yote minne ikapita kwa mpigo. Kawaida kitufe cha malipo hufungwa mara tu kinapoguswa. Mimi nilitaka kwanza tairi lizunguke kwa sekunde 3, lipige honi, ndipo kitufe kigeuke kijivu. Ndani ya sekunde hizo 3 kitufe kilikuwa wazi kama mlango wa sherehe. Maombi manne yakaenda kwenye mfumo wa malipo, simu ikamwomba shangazi namba ya siri mara nne.

"Sasa shangazi, ya pili ulijaza ya nini?"

"Iliniomba kwa adabu. Niinyime?"

Na mfumo, kwa busara niliyoupa mwenyewe, ulipokuta siti imeshachukuliwa ukampa inayofuata. Ndiyo maana viazi, ndizi na jogoo walikaa jirani kama familia.

Tukamwahidi kumrudishia nauli ya siti tatu. Akakataa, viazi vimeshakaa. Basi likaondoka hivyohivyo, na konda akanipigia akiwa Igurusi: ameacha abiria watatu barabarani, mmoja mwenye mtoto mgongoni, kwa sababu ya jogoo. Nilitamani ukungu wa Loleza unifunike, ule wa kweli.

Siku hiyohiyo nikafungua msimbo. Kitufe sasa kinafungwa kwenye mguso wa kwanza na kinaandika "Tunatuma ombi, angalia simu yako." Hiyo inazuia kidole tu, haizuii mtandao unaokatika na kutuma upya, kwa hiyo kila ombi la tiketi likapewa namba yake, na seva ikiiona namba ileile mara ya pili inarudisha jibu lilelile bila kudai pesa. Nawaambia mafundi wenzangu waanze na hii ya pili, mapambo yatasubiri. Maandishi yakawa yanaonekana tangu mwanzo. Picha zikapewa upana na urefu wake ili ukurasa usiruke zinapofika. Video nikaifuta, na sijaona aliyeiulizia. Nikaweka pia kanuni ya prefers-reduced-motion, ili mtu aliyezima michoro kwenye mipangilio ya simu yake aheshimiwe. Wako ambao vitu vikitembeatembea huwapa kizunguzungu. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, wenyewe unataka kitu kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine kiwe na namna ya kusimamishwa. Basi langu lilikuwa halina hata kituo.

Nikajaribu kwenye Chrome kwa kupunguza kasi ya kichakata mara 6, kama nilivyopaswa kufanya kabla ya chipsi mayai. Mwisho nikaliondoa basi lenyewe, nikampigia shangazi afungue tovuti.

"Basi mmeliuza?"

"Tumelitoa, shangazi, ili simu iwe nyepesi."

"Mimi pesa yangu siitumi mahali pasipo na gari. Matapeli ndio hawana magari."

Nikarudisha picha ya basi, imetulia tuli, KB 38. Akafungua tena, akakaa kimya kidogo.

"Haya," akasema. "Hili limesimama. Hili mtu unaweza kulipanda."