Mbwa Aitwe Roland au Aitwe Kitunguu Saumu?

Mwaka 1388 mwandishi wa historia Jean Froissart alifunga safari hadi Orthez, karibu na milima ya Pyrenees, kumtembelea Gaston Phoebus, bwana wa Foix na mwindaji aliyesifika. Hakwenda mikono mitupu. Alimpelekea mbwa wanne wa mbio, na majina yao ameyataja mwenyewe katika shairi: Tristan, Hector, Brun na Roland. Tristan ni yule wa hadithi ya mapenzi na Isolde. Hector ni shujaa wa Troya. Roland ni jemadari wa Karolo Mkuu aliyeuawa mwaka 778 kwenye njia ya mlimani huko Roncevaux. Na Brun? Brun ni kahawia tu, rangi ya manyoya.

Ubishi wote wa kumpa mbwa jina la Zama za Kati umo katika mbwa hao wanne. Anayefungua historia ya miaka ile elfu moja, kati ya karne ya 5 na ya 15, kumtafutia jina kilebu aliyeletwa jana nyumbani, hukuta njia mbili. Anaweza kumpa jina la mtu wa zama zile. Au anaweza kumpa jina la aina ambayo watu wa zama zile waliwapa mbwa wao. Wengi hudhani ni jambo moja. Si jambo moja, na kuyachanganya ndiko kunakoleta majuto na ugomvi.

Wanaotetea majina ya mashujaa wana hoja nzito kuliko tunavyowapa. Froissart hakuona kwamba anamshushia Roland hadhi, na Gaston hakuona kwamba amepokea matusi. Mbwa wa mawindo alikuwa mali ya kifahari, zawadi ya kumpa mtawala, na jina la shujaa lilimfaa kama lilivyomfaa farasi wa vita. Tena watu wenyewe walijiita mbwa bila haya. Mtawala wa Verona aliyefariki mwaka 1329, yule aliyemhifadhi mshairi Dante uhamishoni, aliitwa Cangrande, yaani Mbwa Mkubwa. Katika ukoo wake huohuo walikuwapo akina Mastino, jina la mbwa mlinzi mwenye kifua kipana. Waairishi walisimulia habari za Cú Chulainn, "mbwa wa Culann", na hakuna shujaa wao aliyempita. Chinggis Khan, mtawala wa Wamongolia, aliwaita majemadari wake wanne, Jebe, Kublai, Jelme na Subutai, mbwa wake wa vita. (Kublai huyu si yule mjukuu wake aliyekuja kutawala China.) Kwa hiyo anayesema kwamba mtu na mbwa kushiriki jina ni dharau siku zote na kila mahali, historia haimuungi mkono.

Lakini tazama nani alikuwa akimpa nani jina. Cangrande alibeba ubwa wake kama nishani. Hakuna jirani aliyemtupia. Froissart na Gaston walikuwa watu wa utamaduni mmoja na Roland wao. Hali ni nyingine pale mtu anapochukua shujaa wa watu wengine na kumfunga kamba shingoni. Chukua Salahuddin, anayejulikana Ulaya kama Saladin, aliyefariki Damascus mwaka 1193. Kwa sikio linalopenda majina ya kigeni, Saladin ni jina tamu na lenye mwangwi wa panga na majangwa. Kwa anayelielewa, ndani yake mna neno dini. Au Mansa Musa wa Mali, aliyekwenda kuhiji mwaka 1324 kwa dhahabu iliyoshangaza Cairo: Musa ni jina la mtume, na wanaoliitikia kila asubuhi hawahesabiki. Sasa weka jambo hilo katika Kiswahili, lugha ambamo kumwambia mtu "mbwa" ni tusi lisilohitaji maelezo, halafu usimame uwanjani upaze sauti: "Musa! Toka kwenye taka!"

Kipimo changu ni rahisi. Ungekuwa radhi mbwa wa mtu wa mbali, asiyejua neno moja la Kiswahili, aitwe Fumo Liongo kwa sababu jina limemvutia? Kama moyo umeshtuka hata kidogo, basi umeshaelewa anachohisi mwingine.

Upande wa pili utajibu kwamba marehemu hasikii, na kwamba karne nane zinatosha kupoza jambo lolote. Kuna ukweli humo. Hakuna atakayelia kwa ajili ya Roland. Lakini sioni kuwa miaka ndiyo inayopoza. Sundiata Keita, mwasisi wa dola ya Mali, aliishi katika karne ya 13, na Salahuddin alimtangulia kwa miongo michache tu, lakini sifa za Sundiata bado zinaimbwa na wale waliorithi kazi ya kuimba, na ukoo wa Keita upo. Roland anasomwa, Sundiata anaimbwa. Jina linaloimbwa au kuombewa lina wenyewe, na mimi nisingeligusa. Jina lililobaki vitabuni tu nisingemlaumu anayelichukua.

Majina ya wauaji ni suala jingine, na hapo sina subira nyingi. Timur lina sauti nzuri, silabi mbili, maana yake chuma. Ila mwenye jina ndiye aliyeifanya Delhi machinjio mwaka 1398. Vlad wa Wallachia, aliyewatundika watu kwenye vigingi, hahitaji maelezo zaidi. Wapo wanaosema ni mzaha, hasa mbwa akiwa kadogo ka mapajani, na nakiri kwamba mzaha wa Chinggis una utamu wake kwa wanaojua kwamba masimulizi ya Wamongolia wenyewe yanasema utotoni aliogopa mbwa. Pia alama na majina ya Waviking na ya wapiganaji wa Msalaba yametwaliwa siku hizi na makundi ya wabaguzi wa rangi. Anayemwita mbwa wake Odin, mungu wa Waviking, kwa kupenda hadithi hana kosa, ila asishangae akitazamwa mara mbili.

Turudi kwa Brun, maana njia yake ndiyo inayodharauliwa na ndiyo yenye hazina. Imesalia orodha ya Kiingereza ya karne ya 15 yenye majina 1,065 yaliyofaa mbwa wa mawindo. Huwakuti wafalme wakipanga foleni humo. Unakuta Nosewise, mwenye akili ya pua. Unakuta Holdfast, akishika haachii. Yupo Garlik, kitunguu saumu, na mtu hujiuliza kilebu huyo alinukaje. Yupo hata Nameles, Asiye na Jina. Mshairi wa Kiingereza Chaucer naye, mwishoni mwa karne ya 14, anapoeleza kijiji kizima kikimkimbiza mbweha aliyeiba jogoo, anawataja mbwa watatu kwa majina: Colle, Talbot na Gerland. Majina mafupi, ya kuitwa kwa pumzi moja huku unakimbia.

Hayo ni majina yaliyotokana na kumtazama mbwa mwenyewe: pua yake, miguu yake, ukaidi wake. Hayamkopeshi utukufu wa mtu. Na kwa kuwa ni maneno ya kawaida, yanatafsirika. Hardy anakuwa Shupavu. Holdfast anakuwa Kamata. Nosewise nimejaribu mara kadhaa na bora niliyopata ni Puajanja, ambalo nadhani lingempendeza mwindaji yeyote wa karne ya 15. Hapo ndipo mtu anapomwiga mtu wa Zama za Kati kwa kweli, maana naye aliwaita mbwa wake kwa lugha aliyoombea chumvi mezani.

Njia hii nayo ina mashimo yake. La kwanza ni kwamba ukishatafsiri, historia yote imeyeyuka. Mbwa aitwaye Shupavu ni mbwa aitwaye Shupavu. Hakuna atakayekuuliza habari za orodha ya karne ya 15, na kama ulitaka jina liwe mlango wa mazungumzo, umeufunga mwenyewe. Shimo la pili ni la kuchekesha zaidi. Garlik ukimfupisha kwa Kiswahili atakuwa Saumu, na Saumu ni jina la mabinti wa watu. Umekimbia Saladin ukaangukia kwa jirani.

Pengine ndiyo maana mimi huvutiwa zaidi na mlango wa tatu, ambao watafuta majina huupita bila kuuona: mbwa wa Zama za Kati walioacha majina yao wenyewe. Hapo hakuna mtu wa kudhalilishwa, na historia inabaki nzima.

Mkongwe wao ni Cafall, mbwa wa Mfalme Arthur, ambaye maandishi ya Kilatini ya karne ya 9 yanasema aliacha alama ya wayo wake kwenye jiwe huko Wales wakati wa kuwinda nguruwe mwitu. Jina lake linafanana mno na neno la farasi, kwa hiyo huenda Arthur alikuwa na mbwa aitwaye Farasi. Tristan alikuwa na Husdent, ambaye wengine humwita Hodain, aliyefunzwa kuwinda bila kubweka ili wapenzi wasigunduliwe msituni. Hodain ningelichukua leo hii, isipokuwa kila mgeni atakayepiga hodi mlangoni atakuwa amemwita mbwa.

Kusini-mashariki mwa Ufaransa, karibu na Lyon, yuko Guinefort. Katikati ya karne ya 13 mtawa wa Kidominiko, Stephen wa Bourbon, aligundua kwamba wanawake wa huko wanawapeleka watoto wagonjwa kwa mtakatifu wa jina hilo, na alipouliza ni nani akaambiwa ni mbwa. Alimuua nyoka aliyemwendea mtoto kitandani. Bwana wake akaona damu mdomoni, akadhani mtoto ameliwa, akamuua. Stephen aliamuru mifupa ifukuliwe ichomwe. Heshima kwa mbwa yule haikuisha kwa moto huo. Iliendelea kwa karne kadhaa.

Hadithi hiyohiyo inasimuliwa Wales kwa jina la Gelert, mbwa wa Llywelyn Mkuu aliyefariki mwaka 1240, na kaburi lake linaonyeshwa Beddgelert. Tatizo ni kwamba kaburi hilo liliwekwa mwishoni mwa karne ya 18, na mwenye hoteli mmoja aliyetaka wageni alihusika. Anayechagua Gelert kwa kuamini amechagua historia amechagua tangazo la biashara. Halafu tena, tangazo lililodumu miaka mia mbili na zaidi limeshakuwa historia ya aina yake, kwa hiyo simkatazi mtu.

Ninayesitasita kumpendekeza ni Math. Froissart yuleyule anasimulia kwamba Richard II wa Uingereza alikuwa na mbwa wa mbio asiyemjali mtu mwingine yeyote. Mwaka 1399, mfalme alipokuwa mikononi mwa binamu yake Henry, mbwa huyo alimwacha bwana wake, akaenda kumrukia na kumshangilia Henry, aliyekuwa karibu kutwaa taji. Silabi moja, jina jepesi. Lakini kila ukimwita utakumbuka.

Wanorwe wana Saur. Simulizi iliyoandikwa Iceland katika karne ya 13 inasema mfalme Eystein, akiwa na hasira na watu wa Trondheim, aliwapa wachague nani awatawale, mtumwa wake au mbwa. Wakachagua mbwa, wakitumaini watajiendeshea mambo yao. Saur akavishwa kola ya dhahabu na fedha, na njia ikiwa na matope alibebwa mabegani. Maana ya jina lake ni uchafu, na hilo ndilo jina la mbwa pekee ninalolijua lililokuwa tusi kwa raia badala ya mbwa.

Yupo pia Kitmir. Mbwa wa watu wa pangoni ametajwa ndani ya Sura ya 18 ya Qur'ani, amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini huku vijana wamelala, ila jina Kitmir linatoka katika masimulizi ya wafasiri. Silabi zake zinafaa, habari yake ni ya uaminifu, na ni jina la mbwa tangu mwanzo. Hata hivyo wapo watakaoona kwamba mbwa yule si wa kuigwa ovyo, na kwa kipimo changu cha hapo juu siwezi kuwapuuza: jina hili nalo lina wenyewe.

Mwishowe jina ni chombo cha kazi. Maelekezo ya uwindaji ya zama zile yalitaka mtoto wa miaka saba hivi, anayeanza kazi ya banda, aandikiwe majina na rangi za mbwa wote hadi amjue kila mmoja. Mbwa naye alipaswa kulitambua lake katikati ya baragumu na kelele za wenzake. Barbarossa, Petitcreiu na wengine wa urefu huo watakatwa vipande kabla ya wiki kwisha, na kile kipande ndicho kitakuwa jina. Kay, yule ndugu wa kulea wa Arthur, linafanana mno na amri ya "kaa". Mbwa atakuwa anaketi kila unapotaka aje.

Nikiulizwa nichague leo, nitamchukua Sámr, mbwa mkubwa kutoka Ireland ambaye simulizi ya Iceland inasema alimlinda shujaa Gunnar. Maadui waliokuja kumuua Gunnar ilibidi wamuue Sámr kwanza, na mlio wake wa mwisho ndio uliomwamsha bwana wake ndani. Jina linamaanisha mweusi-mweusi, aina ya Brun kabisa, na kwa ulimi wetu litakuwa Samu. Nililitaja mbele ya rafiki yangu kwa furaha. Akanitazama kidogo, akaniuliza kama nimesahau kwamba shemeji yangu anaitwa Samweli.