Nikishapata wangu mmoja, nafunga mshipi

Jumapili ile baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, saa kumi na moja alfajiri, tulikuwa wanne tumesimama pale wanaposhushia boti Atlantic Highlands, New Jersey, kila mtu kajivika makoti matatu matatu hata mikono haikunjiki, midomo inatoa moshi kama mabirika. Boti ni ya jamaa yetu wa Tanga, futi 23, mashine moja nyuma, tunamwita Nahodha ingawa siku za kazi yeye ni dereva wa lori. Wa pili ni rafiki yetu wa Bukavu, ambaye uvuvi anaoujua ni wa sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, usiku na taa, na bahari ya Novemba alikuwa haijui kabisa. Wa tatu mzee mmoja wa Kimarekani jirani yake Nahodha, fundi umeme mstaafu, kazaliwa huku huku, anaijua kila kona ya hii ghuba. Na mimi, mtoto wa Gazi, Kwale, mwenye chupa ya chai ya tangawizi na mahamri kumi na mbili kwenye mkebe. Mahamri yaliisha kabla hatujatoka bandarini, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Tulichokuwa tunakifuata ni straipa. Kwa ambaye hajamuona, ni samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari saba au nane myeusi ubavuni, imenyooka toka matamvua mpaka mkiani utafikiri kuna mtu kaipiga kwa rula. Ukienda Maryland usiseme straipa, wao wanamwita rokifishi na wanaweza kukununia. Anazaliwa kwenye maji matamu, mto Hudson, mto Delaware, na wengi zaidi ya wote kule Ghuba ya Chesapeake na mito yake, akikua anatoka baharini, kiangazi anapanda juu mpaka Massachusetts na Maine, baridi ikianza kubisha hodi anageuza kurudi kusini akifuata chakula. Ndo maana mwisho wa Novemba mbele ya New Jersey panakuwa kama stendi ya basi siku ya mkesha wa Idi, wote wanapita hapo hapo, wamenona, wanakula kama hawajawahi kuona chakula.

Tukazunguka ncha ya Sandy Hook, tukaupita mnara wa taa ambao uliwashwa mara ya kwanza 1764 na mpaka leo unafanya kazi, nyuma yetu maghorofa ya Manhattan yanaanza kupata rangi, na saa moja jua ndo linachungulia. Upepo ulikuwa wa umande, unatoka bara kwenda baharini, kwa hivyo karibu na ufuo maji yalikuwa shwari kama sahani. Maji yenyewe digrii 52 za huku, kama 11 za kwetu, ukitia mkono kwa dakika moja vidole vinakuaga.

Mbele kidogo ya Sea Bright tukaona ndege. Sio shakwe, ni wale ndege wakubwa weupe wenye ncha nyeusi za mbawa, wanapanda juu, wanakunja mbawa halafu wanajitupa majini kama mikuki, mmoja, watano, hamsini, na kila mmoja anaingia na kishindo chake. Chini yao kulikuwa na banka, yule samaki wa mafuta ambaye kila kitu huku kinamla, maji yamekuwa meusi kwa wingi wao. Na katikati ya lile kundi akatokea nyangumi, mdomo wazi, akazoa, akashuka taratibu kama lifti. Nahodha akazima mashine tukabaki tunaelea mbali, maana wanashauri usimkaribie chini ya yadi 100. Rafiki yetu wa Bukavu akasema tu, "Mungu wangu," akakaa chini.

Sasa sheria, manake hapa ndo mada yangu ilipo. Kila mtu samaki mmoja kwa siku, asiwe chini ya inchi 28 na asizidi 31. Nafasi yako ni inchi tatu tu. Hapa New Jersey mwanzo ilikuwa ruhusa mpaka karibu inchi 38, wakaibana 2023, kwa sababu 2022 wavuvi wa burudani walichukua karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, kile kizazi kikubwa cha 2015 kilikuwa ndo kimefika saizi na watu wakakifagia. Na ukivuka maili tatu kutoka nchi kavu hutakiwi hata kumjaribu, huko kumefungwa tangu 1990. Leseni ya kulipia hamna, unajiandikisha bure tu.

Siku ya kwanza nilivyosikia eti mkubwa ndo wa kurudisha nilidhani natiwa ujinga. Kwetu Gazi ukigombezwa unagombezwa kwa kuchukua wadogo, vitafi vya kidole, lakini kolekole mkubwa akiingia mtumbwini mtaa mzima unajua jioni kuna nini. Nilimpigia simu babangu, mvuvi wa mshipi maisha yake yote, nikamueleza kwamba huku twavua, twapima, twarudisha. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Sasa wamuamsha wa nini kama humli?" Nikacheka. Nikamueleza kwamba hao wakubwa karibu wote ni majike, kwamba jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, na kwamba anaweza kuishi miaka 30. Akasema sawa, hilo la kumuachia nimelielewa, ila hukunijibu la kumuamsha.

Basi, tukaanza. Wa kwanza wangu inchi 34, rudisha. Wa pili 36, rudisha. Wa tatu 30 kamili kwenye tepu, huyoo kwenye boksi la barafu, na saa ilikuwa haijafika mbili. Yaani mimi kisheria na kikitoweo nilikuwa nimemaliza kazi. Lakini nani anaacha? Ndege wanapiga, maji yanachemka, kila ukirusha unashikwa, mikono inatetemeka, mnacheka kama watoto waliotoroka chuo. Straipa hana meno ya kukata, mdomo wake ni kama karatasi ya msasa, unamshika kwa kumtia dole gumba mdomoni, na baada ya samaki wa kumi lile dole limechunika ngozi ya juu lote, na wewe unalionyesha kwa wenzako kwa fahari kabisa.

Mida ya saa nne nikafunga chambo cha bandia cha mbao, kinaelea juu, kina ndoana mbili za vichwa vitatu. Nikarusha, nikavuta mara tatu nne, maji yakapasuka kama mtu katupa tofali. Huyo nilimpigania dakika nyingi kuliko nilivyopaswa, rodi yangu ilikuwa nyepesi kwa samaki wa vile, na alipofika ubavuni mwa boti sote tukanyamaza. Inchi 43. Kichwa kama cha mtoto wa ng'ombe. Lakini ndoana ya nyuma ilikuwa imeingia kwenye matamvua na damu inatoka kama bomba lililopasuka.

Tulifanya kila tunachokijua. Nahodha akakata ndoana kwa plaisi badala ya kuing'oa. Hatukumpandisha juu hata kumpiga picha. Nikalala kifudifudi ubavuni mwa boti, nikamshika taya kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, Nahodha akaweka gia boti ikatembea polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake, dakika kumi hivi, mikono yangu sikuisikia tena. Mara mbili akapiga mkia nikadhani anaondoka. Nikamuachia, akaenda urefu wa boti mbili, akageuka tumbo juu.

Sasa sheria inasema huyo humchukui. Amekufa, humchukui. Amezidi kipimo kwa inchi 12 na mwisho wa hadithi. Rafiki yetu wa Bukavu aliniangalia akauliza, "Sasa huyu tunamuacha kweli? Hii nyama yote?" Sikuwa na jibu la kumpa. Shakwe wale wakubwa wenye mgongo mweusi wakatua juu yake, wakaanza na jicho.

Naielewa sheria. Wangeruhusu waliokufa wachukuliwe, kesho yake boti nzima ingekuwa na samaki "waliokufa kwa bahati mbaya". Lakini kwa mtu aliyelelewa akiambiwa israfu ni dhambi, kumuacha samaki wa kulisha nyumba tano aliwe na ndege, nilihisi nimefanya jambo la kishenzi. Nilisoma kwamba koloni la Massachusetts Bay mwaka 1639 lilikataza kumtumia huyu samaki kama mbolea shambani. Miaka karibu 400 iliyopita watu walishaona kuna namna ya kumtumia samaki ambayo ni aibu.

Na hapa ndo nataka tugombane. Wanasayansi wanaosimamia huyu samaki wanahesabu kwamba katika kila 100 wanaoachiwa, 9 wanakufa. Wastani huo. Sisi siku ile tulirudisha 34, nilihesabu mwenyewe, na tulichukua watatu nyumbani, Nahodha alikosa wa saizi. Piga hesabu, 9 kwa mia ya 34 ni watatu. Yaani tuliua samaki watatu wa kula na watatu wa bure, na wa bure ndo mama zao wote. Na sio sisi tu, 2021 waliokufa baada ya kuachiwa na wavuvi wa burudani walikuwa wengi kuliko waliochukuliwa. Halafu tunatembea vifua mbele eti sisi ni watu wa kurudisha, sio kama wale wauaji.

Nahodha alinijibu tukiwa tunarudi, na nimtendee haki, hoja zake zina uzito. Kwanza, 9 ni wastani, kwenye maji ya baridi na ya chumvi wanaokufa ni wachache, wanaokufa sana ni wale wa kiangazi kwenye maji ya moto na waliomeza ndoana ya chambo. Kweli. Pili akasema, kaka, mie nimelipa maegesho ya boti mwaka mzima, petroli, bima, msimu umebaki wiki mbili, halafu unaniambia saa mbili asubuhi nikunje rodi nirudi nyumbani nikaangalie mpira? Hapo sikuwa na la kusema, maana petroli nilichangia kidogo sana, hilo nalikiri mbele ya watu wote.

Mzee wetu fundi umeme yeye akatukatiza na habari za miaka ya 80. Maryland ilifunga kabisa uvuvi wa huyu samaki kuanzia 1985 mpaka 1990, na huku kwao enzi hizo, anasema, ukipata straipa mmoja msimu mzima unakwenda kuhadithia kazini. Nikajua sasa nimepata mtu wa upande wangu. Kumbe wapi! Alipomaliza kuhadithia akarusha tena, akapata wa inchi 38, akamrudisha, akarusha tena. Yeye peke yake karibu kumi na tano kati ya wale 34.

Mimi sisemi watu wasivue. Ninachosema, na wenzangu wamenuna nacho, ni kwamba tuanze kuwahesabu tunaowaachia kama tunavyowahesabu tunaowachukua. Mimi nikishapata wangu mmoja nafunga mshipi, naendesha boti, nawapigia wenzangu picha, naangalia nyangumi. Zile ndoana za vichwa vitatu nimezing'oa zote nikaweka ya kichwa kimoja, na kale kamwiba kake nimekabana kwa plaisi, na rodi nyepesi nimeiacha nyumbani, mkubwa apigwe haraka arudi na nguvu zake. Utasema nitapoteza samaki wengi namna hiyo. Ndio, si ndo hao hao nilikuwa nawarudisha?

Na tusidanganyane pia kwamba ni kitoweo cha kutegemea. Mto Hudson ulimwagiwa PCB, kemikali za sumu za viwandani, mpaka 1977 na bado zimo kwenye mafuta ya samaki, idara za serikali hapa zinashauri wanawake wa umri wa kuzaa na watoto wasimle straipa. Kwa hivyo nyumbani kwangu ni mimi na shemeji yangu tu. Unachuna ngozi, unakata ule mstari mwekundu wa ubavuni, unatupa, halafu na kichwa nacho wanakwambia uachane nacho kwa sababu ya mafuta. Kichwa! Mimi nimempaka nazi, tui la kopo, ukwaju, pilipili mbichi, nyama yake nyeupe na imekaza haivunjiki kwenye mchuzi, nikala vizuri sana, lakini kila nikitia tonge nakiona kile kichwa kinaingia kwenye pipa na roho inaniuma.

Siku hiyo tulitoka majini saa tisa na nusu, jua limeshainama, tukaiosha boti kwa maji ya bomba. Babangu sijampigia bado. Jumatatu kazini ile mashine ya kusaini kwa alama ya dole ilinikataa mara nne, dole gumba limefutika, ikabidi niitwe ofisini kueleza mbele ya bosi kwa nini sina alama za vidole.