Diwani wa Jiji na meza ya mkoa

Mwananchi wa Chang'ombe au Nzuguni, hapa Dodoma, humpima diwani wake kwa kile anachokiona katani: kalavati lililozibuliwa kabla ya mvua, darasa lililoezekwa, kata kutajwa kwenye bajeti, na kama diwani mwenyewe alifika msibani. Kwa kipimo hicho, saa ambazo mwakilishi wa Jiji la Dodoma anazitumia katika vikao vya mkoa huonekana ni saa zilizopotea. Hoja hii husikika hata miongoni mwa watu wanaozifahamu vizuri serikali za mitaa. Wanauliza kwa nini Jiji lihangaike na meza ambazo kisheria hutoa ushauri tu, wakati kata 41 zina kero zisizokwisha. Naiheshimu hoja hiyo na nitaieleza kwa haki, ingawa naona imepewa uzito mkubwa mno, na wanaoitetea meza ya mkoa hawajasikilizwa ipasavyo.

Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ambayo wengi tumezoea kuiita RCC, ipo kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Mwenyekiti wake ni mkuu wa mkoa, na wajumbe ni wakuu wa wilaya, wabunge wa majimbo, mameya na wenyeviti wa halmashauri, pamoja na wakurugenzi wao. Mkoa wa Dodoma una wilaya 7 na halmashauri 8. Tukimhesabu mkuu wa mkoa, wakuu wa wilaya 7 na wakurugenzi 8, tunapata watu 16 walioteuliwa na Rais, kabla hatujamgusa katibu tawala wa mkoa ambaye ndiye katibu wa kikao. Waliotumwa na mabaraza ya madiwani ni 8. Wabunge nao wamechaguliwa, na kisheria ni wajumbe wa mabaraza ya halmashauri zao, lakini ratiba yao hufuata Bunge kwanza, na suala la mfereji wa mtaa fulani hulifikia jicho la mbunge likiwa limepita mikononi mwa watu wengi.

Kati ya wale 8, Jiji lina mmoja, yaani Meya. Hapa ndipo ninapopata shida kulala, kwa maana ya takwimu. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dodoma na watu 3,085,625, na kati yao 765,179 walikuwa ndani ya Jiji. Miaka kumi nyuma, sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo hilo, na mkoa mzima ulikuwa na 2,083,588. Maana yake ni kwamba ndani ya miaka kumi Jiji limetoka kuwa takriban mtu mmoja kati ya watano wa mkoa na kufikia mmoja kati ya wanne. Ongezeko lenyewe, watu 354,223, linazidi idadi ya watu wote waliohesabiwa katika Wilaya ya Bahi mwaka 2022, ambao walikuwa 322,526. Jiji limemeza Bahi nzima na ziada katika kipindi cha sensa moja hadi nyingine, na kiti chake kwenye meza ya mkoa kimebaki kilekile.

Sisemi kwamba viti vigawanywe kwa wingi wa watu. Halmashauri ya Mji wa Kondoa ilikuwa na watu 80,443, na kama uwiano ungefuatwa, mwenyekiti wake angekaa peke yake mbele ya wajumbe tisa wa Jiji, na hapo Kondoa isingekuwa na sababu ya kupanda gari kuja kikaoni. Usawa wa halmashauri ni kinga ya wadogo, nami naukubali. Kinachonisumbua ni wembamba wa njia. Mambo ya kata 41, kuanzia Makutupora hadi Mpunguzi, yanapita katika kinywa cha mtu mmoja ambaye pia ana kata yake mwenyewe, ana vikao vya kuongoza, na ana wageni wa makao makuu ya nchi wa kuwapokea karibu kila juma. Wale madiwani wengine wote, wa kata na wa viti maalumu, hupata habari za meza ya mkoa kama mwananchi yeyote anavyozipata, yaani zikiwa zimeshaamuliwa.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni ya uhuru wa halmashauri. Katiba yetu, katika ibara ya 145 na 146, inataka vyombo vya serikali za mitaa viwepo na vipeleke madaraka kwa wananchi. Diwani anayezoea kukaa chini ya uenyekiti wa mkuu wa mkoa, wanasema, ataanza kusikia ushauri kama amri, kisha atarudi kwenye baraza akiwa mjumbe wa mkoa kwa wananchi badala ya kuwa mjumbe wa wananchi kwa mkoa. Hofu hii ina historia. Mwaka 1972, katika kile kilichoitwa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa na mambo yake yakawekwa mikononi mwa watendaji wa mikoa na wilaya, na iliwachukua Watanzania hadi sheria za mwaka 1982 kurudisha kilichopotea. Mtu aliyeishi kipindi hicho ana haki ya kuwa na wasiwasi kila anaposikia neno mkoa likikaribia neno diwani.

Hoja ya pili ni Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2000, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa chombo cha uratibu kilichoundwa na madiwani waliotumwa kutoka manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye Ubungo na Kigamboni. Ilisimamia mambo yaliyovuka mipaka ya manispaa moja, kama kituo cha mabasi cha Ubungo na dampo la Pugu Kinyamwezi. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Wakosoaji walikuwa wamesema kwa miaka mingi kwamba chombo kile kilikuwa na meya na magari na posho, huku watu na ardhi vikiwa vya manispaa. Ni kweli, diwani aliyekuwa akikaa pande mbili alilipwa vikao vya pande mbili, na mwananchi wa Mbagala alikuwa na kazi ya kueleza ni upande upi ulimletea nini.

Nakubali kasoro zote hizo. Hata hivyo, taka za Dar es Salaam hazikuanza kuheshimu mipaka baada ya chombo kuvunjwa, na mwenye mabasi ya mkoani bado anaingia upande mmoja wa jiji akitokea upande mwingine. Kilichoondoka ni mahali ambapo diwani wa kawaida wa Temeke aliweza kumuuliza diwani wa Kinondoni swali mbele ya mashahidi.

Sisi wa Dodoma tuna sababu ya kipekee ya kulitazama jambo hili kwa makini, na sababu hiyo ni CDA. Tangu mwaka 1973 hadi tarehe 15 Mei 2017, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ndiyo iliyopanga na kugawa ardhi ya mji huu, na halmashauri iliporudishwa ikawa hapohapo pamoja na madiwani wake waliochaguliwa. Kwa miaka mingi diwani wa Dodoma alikuwa mtu wa kulalamikiwa kuhusu viwanja asivyovigawa. Alipofuatwa na mjane mwenye mgogoro wa mpaka, alichoweza kumpa ni barua ya kwenda ofisi nyingine. Mamlaka ilipovunjwa na kazi zake kuhamishiwa halmashauri, na mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili, manispaa ikatangazwa kuwa Jiji, tulidhani habari ya maamuzi kufanyika mahali diwani asipokuwepo imekwisha. Haikuisha. Imehamia kwenye mambo mengine, na kubwa kuliko yote ni maji.

Sehemu kubwa ya maji ya Jiji imetoka kwa miongo mingi katika visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, ambalo katika mgawanyo wa rasilimali za maji nchini liko chini ya Bonde la Wami/Ruvu lenye makao Morogoro. Bwawa la Farkwa linalokusudiwa kulisaidia Jiji liko Wilaya ya Chemba, juu ya Mto Bubu, na mto huo ni wa Bonde la Kati, ambalo ofisi yake iko Singida. Kwa hiyo mji mkuu wa nchi unategemea mabonde mawili, yenye bodi mbili zilizoundwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na ofisi kuu za bodi zote mbili ziko nje ya mkoa. Ukimuuliza diwani wa kawaida wa Jiji ni nani anayemsemea huko, atafikiri kwanza kabla ya kukujibu.

Tuutazame Mto Bubu wenyewe. Unashuka kutoka upande wa Kondoa, unapita Chemba, na unaishia katika mbuga za Bahi, ambako watu wanalima mpunga na kuvua samaki. Maji yatakayozuiwa Farkwa ni maji ambayo mkulima wa Bahi aliyahesabu katika msimu wake. Ardhi itakayofunikwa ni ya watu wa Mombose na Bubutole, ambao wametakiwa kuhama. Bomba litakaloelekea Jijini litapita katika maeneo ya watu wenye kiu ileile. Mradi umekusudiwa kuhudumia pia Chemba, Bahi na Chamwino, na hilo ni jema. Lakini nani atapata kiasi gani katika mwaka wa ukame, na bomba litaanza kufungwa upande gani, ni maswali ambayo mhandisi hawezi kuyajibu peke yake, kwa kuwa si ya kihandisi. Yanataka watu waliochaguliwa, wanaoweza kurudi kijijini au mtaani wakasema, "Nilikuwepo, tulikubaliana hivi, na mimi niliafiki." Mtu aliyeteuliwa anaweza kuhamishwa kesho kwenda Katavi, na ahadi yake ikaondoka naye.

Kwa hiyo naona wanaosema diwani abaki katani wanamtaka abaki mahali ambapo kero hujitokeza na aondoke mahali zinapoanzia. Barabara nazo ni hivyohivyo, ingawa sitazirefusha: tangu TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, ilipoanza mwaka 2017, usimamizi wa barabara za mijini na vijijini ulitoka mikononi mwa halmashauri, na mahali pa kuzungumzia vipaumbele kwa upana wake ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, chini ya uenyekiti wa mkuu wa mkoa. Wapiga kura bado wanamuuliza diwani.

Ipo hoja ya posho, nami siidharau, maana fedha ya kikao ni fedha ya dawa au ya dawati. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni uwazi wa nani alikwenda wapi na alirudi na nini. Huko Marekani, Washington na jirani zake wa Maryland na Virginia wana baraza la hiari la ushirikiano tangu mwaka 1957, ambalo halitungi sheria na haliwezi kumlazimisha yeyote. Linakutanisha watu waliochaguliwa katika serikali za mitaa, wakiwamo madiwani wa mji mkuu huo, kuzungumzia maji, usafiri na hewa wanayovuta pamoja. Halina amri, na limedumu. Sheria zetu za mwaka 1982 nazo zinaruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja, mlango ambao Jiji, Bahi, Chamwino na Chemba wangeweza kuufungua bila kusubiri sheria mpya wala kumwomba mkuu wa mkoa awe mwenyekiti, na hivyo wenye hofu ya mwaka 1972 wakapata kinga wanayoitafuta.

Hofu ya kumezwa, kwa kweli, inaelekea zaidi kwa mjumbe anayekwenda peke yake bila maagizo. Meya anayeingia RCC akiwa na msimamo ulioandikwa na kupitishwa na baraza zima, mathalani kuhusu maji ya Farkwa, hawezi kubadilishwa mawazo kwa kikombe cha chai. Anaweza kusema kwamba jambo hilo linahitaji kurudi kwa waliomtuma. Na mwenyekiti wa kamati ya mipango miji na mazingira akialikwa pale ajenda inapogusa mipaka ya Jiji na Chamwino, ambako viwanja vinapimwa na mashamba yanakwisha, mkoa utapata mtu anayeijua ramani kwa miguu yake.

Baraza letu hukaa kila robo mwaka, na siku ya kwanza madiwani husimama mmoja mmoja kuwasilisha taarifa za kata. Ni kikao cha wazi, na nimewahi kukaa viti vya nyuma nikisikia kata baada ya kata ikitaja maji na barabara. Taarifa ya meza za mkoa iwekwe kwenye kabrasha siku hiyohiyo, mbele ya taarifa za kata, ikionyesha ni vikao gani vimefanyika, nani aliliwakilisha Jiji, alipewa maagizo gani na alijibiwa nini, ili diwani wa Makutupora anaposimama kusema visima vinapungua, awe na karatasi mkononi ya kumuulizia Meya.