Tabaka la upatanifu liige hata kasoro?

Ukiuambia mfumo endeshi wa Linux ufute folda kwa unlink, mwito (ombi la programu kwa mfumo) ambao kazi yake ni kufuta faili, utakataa na kurudisha kosa EISDIR: hii ni folda. POSIX, kanuni ya mifumo endeshi ya shirika la wahandisi la IEEE iliyotoka mara ya kwanza 1988, inataka EPERM: kitendo hakiruhusiwi. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, inaifuata POSIX. Lakini ndani ya tabaka lake la upatanifu, yaani la kuendeshea programu za Linux, waandishi wake wameongeza mistari michache: EPERM ikitokea, kagua kama kilichotajwa ni folda, kama ndivyo, jibu EISDIR. Wamekiri humo humo kwenye msimbo kwamba tabia hii inakwenda kinyume na POSIX.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kanuni ikikiukwa na kila mtu akazoea, inabaki jina tu. Tena miigo haiishi: leo unlink, kesho select, mwito wa kusubiri data, ambao kwenye Linux hubadilisha muda wa kusubiri uliopewa. Kila mwigo ni msimbo wa kutunzwa, na wengi wa watunzaji wanajitolea.

Lakini twende dukani. Chukulia duka la jumla la Mwanga, Kigoma, linalotumia programu ya stoo iliyonunuliwa bila msimbo wake. Kila usiku inasafisha bakapu za zamani. Inajaribu unlink kwa kila jina. Ikipata EISDIR inaingia ndani ya folda na kuendelea, ikipata EPERM inaandika "huna ruhusa" na kusimama. Ipe EPERM, jibu sahihi kabisa kwa POSIX, na usafishaji unakwama kwenye folda ya kwanza. Diski inajaa taratibu mpaka siku mauzo yanagoma kuhifadhiwa. Fundi akiitwa atahangaika na ruhusa za folda, maana ndiko ujumbe unakomwelekeza, na ruhusa hazina tatizo lolote.

Kwa hiyo nasema liige. Tabaka limeahidi kuendesha programu za Linux jinsi zilivyo, na mwenye duka hana namna ya kuirekebisha yake. Hata usafi wa kanuni hauna mwenyewe: faili ya kiungo (inayoelekeza kwenye faili nyingine) ikifunguliwa kwa O_NOFOLLOW, yaani kiungo kisifuatwe, Linux hujibu kwa kosa ELOOP kama POSIX inavyotaka, na FreeBSD ndiyo inayojitenga kwa EMLINK. Sharti langu ni kwamba mwigo usivuke tabaka. Programu asilia za FreeBSD ziendelee kupata EPERM, na ndivyo ilivyo.

Microsoft walianza kwa kuiga: WSL ya 2016, tabaka la kuendeshea programu za Linux kwenye Windows, ilitafsiri miito ya Linux kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Windows. WSL 2, iliyotangazwa 2019, ikaleta kerneli halisi ya Linux ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta), na kasoro zake zikaja zenyewe. Ila mashine pepe inakula RAM. Kwenye kompyuta ya mtumba yenye GB 4 katika ofisi ya Tabora, ningechagua tabaka linaloiga vizuri.